Ndoo Imeanza Kutua, Mzigo wa Kuni Nao Utue

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayeutazama kwa mbali, mzigo wa kuni juu ya kichwa cha mwanamke wa kijijini ni mwepesi kama usufi, tena ni jambo la kila siku kiasi kwamba jicho halisimami juu yake. Katika vijiji vinavyoizunguka Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, akina mama hutoka porini wamejitwisha mizigo hiyo, shoka limechomekwa kati ya kuni, mtoto yuko mgongoni. Mtumishi wa serikali aendaye kazini hupishana nao, huamkiana nao, kisha huingia ofisini kuandika taarifa ya maendeleo. Ndani ya taarifa hiyo yatatajwa madawati, visima, matundu ya vyoo na kilo za tumbaku. Kuni hazitatajwa.

Kutotajwa huko ndiko chanzo cha tatizo. Kazi isiyotajwa haipimwi. Isiyopimwa haitengewi fedha. Na isiyotengewa fedha huachiwa yule aifanyaye, aifanye kwa zana alizorithi kwa bibi yake. Taifa limekwisha kuamua, na kwa haki kabisa, kumtua mama ndoo kichwani. Bomba likifika kijijini, watu hushangilia. Lakini mama yule yule akisha kutua ndoo, huchukua ngata yake na shoka lake akarudi porini. Swali linalostahili kuulizwa na kila mwenye dhamana ya maendeleo vijijini ni hili: kuni nazo zitatua lini?

MISAFARA

Tabora ni mahali pasipostahili kusahau uzito wa mzigo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, na hapo ndipo ilipogawanyika, tawi moja likielekea Ujiji, jingine likipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu, vitambaa, shanga na waya zilisafiri mabegani na vichwani mwa wapagazi, na katika kazi hiyo Wanyamwezi walisifika kuliko wote. Sababu mojawapo ya binadamu kugeuzwa gari ilikuwa mbung'o, aliyeua ng'ombe na farasi. Hata punda waliojaribiwa na wasafiri wengi wao walikufa njiani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha ratili 60 hadi 70, yaani kilo 30 hivi.

Kazi hiyo ilikuwa ya mateso. Hata hivyo mpagazi wa Kinyamwezi alipatana ujira kabla ya kuondoka, na mzigo ulipozidi kipimo au posho ilipopungua, alijua kugoma na kuutupa chini. Mwaka 1912 reli ikafika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mzigo ukashuka begani mwa mpagazi, ukapanda behewa. Leo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kupendekeza kwamba mizigo ya kutoka pwani irudi vichwani mwa watu.

Lakini kuna mzigo mmoja ambao reli haikuushusha. Mzigo wa kuni za jikoni una uzito wa kilo 20 hadi 30, na mara nyingine huzidi. Ni ule ule wa mpagazi wa zamani, isipokuwa kwamba mpagazi huyu wa leo hapatani ujira, hana kiongozi wa msafara wa kumlalamikia, na safari yake haina Ujiji ya kufikia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kulieleza jambo hili bila kuficha, liliposema kwamba wanawake waishio vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote nchini, pengine saa 12 au 14 kwa siku. Tangu wakati huo miaka zaidi ya hamsini imepita. Mengi yamebadilika, lakini ngata haijabadilika.

BANI NA JIKO

Pengine atatokea mtu wa kusema kwamba hili ni suala la umaskini, na kwamba mkulima wa Uyui hana uwezo wa kusafirisha kuni kwa njia nyingine. Jibu lake lipo pale pale kijijini. Tabora ni mkoa wa tumbaku, na tumbaku ya mvuke haikauki bila moto. Msimu wa kukausha unapokaribia, mkulima hutafuta gari la maksai au hukodi trekta, magogo yakasombwa na kupangwa kando ya bani. Hakuna anayetazamia kwamba kuni zote hizo zibebwe kichwani, kwa kuwa kila mtu anaona kwamba huko kungekuwa kupoteza nguvu na wakati.

Hali kadhalika kijana anayepeleka kuni au mkaa mjini kuuza hafikirii hata siku moja kujitwisha. Hufunga mzigo wake nyuma ya baiskeli, akausukuma au akauendesha mpaka sokoni. Kwa ufupi, kuni za bani hupanda gari, kuni za kuuza hupanda baiskeli, na kuni za jikoni hupanda kichwa.

Basi ni dhahiri kwamba gurudumu linajulikana, maksai wanajulikana, na baiskeli zimejaa. Kinachokosekana ni hesabu. Kuni za bani zimo katika hesabu ya fedha, kwa hiyo zimepewa zana. Kuni za jikoni zimo katika hesabu ya mapenzi, utii na desturi, kwa hiyo zimepewa shingo ya mwanamke. Na aliye nyuma ya mama huyo ni binti yake, ambaye hujifunza kubeba kuni kabla hajajifunza kuzidisha na kugawanya, na mara nyingi kwa gharama ya huko kuzidisha na kugawanya.

GESI

Kuna hoja nyingine yenye uzito zaidi. Mwezi Mei mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilikwisha kuagizwa kuachana na kuni na mkaa. Je, kuna haja gani ya kuzungumza habari za mashoka na matoroli wakati mtungi wa gesi uko njiani?

Lengo hilo ni jema na linastahili kuungwa mkono na kila mpenda maendeleo, kwa maana moshi wa jikoni huharibu mapafu na macho ya watu wasio na hatia. Lakini hesabu ni hesabu. Hata lengo likitimia kwa ukamilifu, mtu mmoja katika kila watano atakuwa bado hajafikiwa, na si vigumu kukisia kwamba huyo hatakuwa mkazi wa mjini, bali wa kijiji kilicho mbali na barabara. Tena mpaka siku hiyo ifike, watu watakula kila siku. Hata katika nyumba zilizokwisha kupata mtungi, chai huchemshwa kwa gesi lakini maharage na makande hurudishwa kwenye mafiga, kwa kuwa kujaza mtungi ni fedha taslimu na kuni ni jasho, na jasho la mwanamke limezoeleka kuhesabiwa bure.

Anayengoja daraja hana budi kuwa na mtumbwi. Kupigania gesi hakumzuii mtu kunoa shoka, na kunoa shoka hakumrudishi mtu nyuma.

SHOKA

Ni vema kuanza na zana ya kwanza, maana ndiyo inayodharauliwa zaidi. Shoka la kienyeji, ambalo ulimi wake wa chuma hupenya katika kichwa kinene cha mpini, ni kazi ya ufundi wa asili inayostahili heshima. Ni jepesi, na linafaa kwa matawi. Lakini ulimi wake mwembamba haukukusudiwa kupasua gogo la miyombo. Shoka la dukani lenye tundu ni zito zaidi na hupasua vizuri, ila mara nyingi hununuliwa bila mpini, likatiwa mti wowote uliookotwa, ukiwa mbichi na wenye fundo. Mti huo ukikauka husinyaa, shoka likalegea, na siku moja likachomoka na kumpata mtu mguuni. Mpini wa mti mgumu uliokauka, ambao nyuzi zake zimenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, ukakazwa kwa kabari, hauhitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka ng'ambo.

Baada ya mpini ni makali. Katika nyumba nyingi shoka hunolewa juu ya jiwe lolote, na pengine halinolewi mpaka limekuwa kama nyundo. Tupa moja, ikitumiwa na watu wa nyumba kumi kwa zamu, ingepunguza mapigo ya shoka porini kwa kiasi kisichoonekana katika taarifa yoyote ya ofisini, lakini kinachoonekana wazi mabegani. Shoka butu ni kodi anayotozwa mwanamke kila siku bila stakabadhi.

Aidha, kuna kazi ambazo shoka lenyewe si zana yake. Kukata gogo vipande vipande kwa shoka ni kupoteza nguvu pamoja na mti, kwa kuwa kila mkato huacha rundo la vibanzi porini. Kazi hiyo ni ya msumeno wa upinde, ambao fremu yake ni bomba la chuma lililokunjwa na ambao ukisha kuchakaa hubadilishwa wembe tu. Gogo likiwekwa juu ya kiunzi cha miti iliyopishana kama herufi X, mtu mmoja hulikata akiwa amesimama wima, bila kuinama wala kulikanyaga. Vipande vikisha kupatikana, ndipo shoka na kabari ya chuma huchukua nafasi yao katika kuchanja, juu ya kishina kipana kilicho imara. Msumeno wa injini, maarufu kwa jina la chenso, uachiwe wapasuaji mbao wenye vibali. Ni ghali, unakula petroli, na ukimteleza asiyeuzoea humkata mkono.

Jambo la mwisho katika ukataji si zana, bali ni kalenda. Mti uliokatwa leo huweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Ukichanjwa na kuachwa ukauke vizuri, maji hayo hupungua hadi sehemu moja katika tano au chini ya hapo. Kwa maneno mengine, mama anayebeba kuni mbichi anabeba ndoo ya maji ndani ya mti, ndoo ambayo hataweza hata kuinywa. Kisha moto wake hutumia nguvu kuyakausha maji hayo, na moshi ukajaa jikoni. Tabora imejaliwa kiangazi kirefu, tangu Mei hadi Oktoba. Kuni zikikatwa na kuchanjwa mapema, zikaachwa huko huko porini zikauke, kisha zikasombwa na kuwekwa chini ya paa kabla ya mvua za Novemba, mzigo ule ule utapikia siku nyingi zaidi.

GURUDUMU

Kusomba ndiko kazi yenyewe kubwa. Kuanzia mwaka 1985, huko Makete katika nyanda za juu kusini, ulifanyika mradi wa uchukuzi vijijini kwa msaada wa Shirika la Kazi la Kimataifa. Mradi huo ulidhihirisha jambo ambalo mipango mingi ya barabara ilikuwa imelipuuza: safari nyingi za mwanakijiji si za kwenda mjini, bali ni za hapo hapo kijijini, kwa miguu, kwenda kisimani, shambani, kinuni na porini, na sehemu kubwa ya mizigo ya safari hizo hubebwa na wanawake. Ndiyo maana pamoja na barabara, mradi ulishughulikia njia za miguu, matoroli na punda.

Funzo hilo linaifaa Uyui. Toroli la gurudumu moja hupita katika njia nyembamba, na kwa safari moja huchukua mizigo miwili au mitatu ya kichwa. Baiskeli, ambayo imekwisha kuwamo katika nyumba nyingi, ikifungwa kiunzi imara nyuma hufanya kazi hiyo hiyo, alimradi ikubalike kwamba baiskeli ya baba haipungui heshima ikibeba kuni za mama. Punda mmoja mwenye matandiko mazuri huchukua mizigo miwili ya kichwa bila taabu. Maksai wawili, katika njia iliyosafishwa, huvuta nusu tani na zaidi, yaani kuni za jikoni za wiki kadhaa kwa siku moja.

Vikwazo vipo na havifai kufichwa. Mbung'o hajatoweka katika misitu yote ya Tabora, kwa hiyo mnyama wa kazi anahitaji dawa na bwana mifugo anayefika. Miiba hutoboa matairi. Fedha za kununua gari la maksai haziko katika kila nyumba. Lakini kila kikwazo kina jibu lake: gari moja huweza kumilikiwa na nyumba kumi, mafundi wa vijijini wamekwisha kujua kutengeneza magari ya kukokotwa kwa kutumia ekseli za magari makuukuu, na njia ya kwenda porini huweza kung'olewa visiki na wananchi wenyewe kwa siku moja ya kujitolea.

MSITU

Wapo pia watakaohofu kwamba zana bora zitamaliza misitu upesi zaidi. Hofu hiyo si ya kubezwa, hasa katika mkoa wenye miyombo na mininga iliyokwisha kupungua. Lakini mama anayetafuta kuni za kupikia hupenda matawi makavu yaliyoanguka, kwa sababu ndiyo anayoyaweza. Anayeufyeka msitu ni afunguaye shamba jipya, achomaye mkaa wa kuuza, na akataye kuni za bani bila kupanda hata mche mmoja. Na hao wote hawakungoja toroli la mama ili waanze.

Tiba ya kweli ni kuusogeza mti karibu na nyumba. Mkoa jirani wa Shinyanga ulionyesha njia kwa mpango wa HASHI ulioanza mwaka 1986, ambao ulifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kuitenga ardhi ili majani na miti ijirudie yenyewe. Ardhi iliyokuwa imebaki vumbi ikarudisha kivuli, malisho na kuni. Kijiji chenye ngitili na chenye msumeno mkali hukata matawi na kuacha kisiki kichipue. Kijiji chenye shoka butu na kisicho na ngitili hutembea mbali zaidi kila mwaka.

WAJIBU

Basi nani afanye nini? Kwanza ni halmashauri. Sheria imeziagiza kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hapana sababu kikundi cha vijana mafundi kisikopeshwe kutengeneza matoroli, na kikundi cha akina mama kisikopeshwe kuyanunua. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA, inayofundisha uchomeleaji na useremala, zina ujuzi unaohitajika. Tangu msimu wa 2022/2023 taifa limekuwa likitoa ruzuku ya mbolea ili shamba lizae. Chakula kinachotoka katika shamba hilo hakiliwi kibichi; zana za kuni nazo zistahili kuitwa pembejeo.

Pili ni walimu. Desturi ya kumwagiza kila mwanafunzi aje na kuni za jiko la shule au za nyumba ya mwalimu haipatani na elimu yoyote, na ikiwa bado ipo mahali popote, haina budi kukoma. Badala yake shule inaweza kufundisha kazi hiyo kama maarifa: kutia mpini, kunoa kwa tupa, kupanga kuni zikauke, kuotesha miche, na kuunda toroli la mbao. Wavulana wafundishwe mambo hayo sawasawa na wasichana, maana mtoto wa kiume aliyekua akiona kuni zikiingia nyumbani zenyewe atakuwa mume anayeamini kwamba kuni huingia nyumbani zenyewe.

Tatu ni wanaume wa vijijini, pamoja na watumishi wenye asili ya vijiji hivyo ambao hurudi likizo na zawadi za kanga na sukari. Shoka lililotiwa mpini mzuri, tupa na wembe wa msumeno ni zawadi zinazokaa zaidi ya sukari. Na toroli likisha kufika nyumbani lisigeuzwe mali ya baba ya kubebea magunia sokoni, likaonekana jikoni siku ya msiba tu. Kama baba atapenda kulisukuma yeye mwenyewe hadi porini, hilo litakuwa jema kupita yote.

Wapagazi wa Unyamwezi walitua mizigo yao zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa sababu kulikuwa na watu waliohesabu gharama ya mzigo na kuona kwamba gurudumu ni nafuu. Walihesabu kwa faida yao, si kwa huruma. Hesabu ya mama wa Isikizya haihitaji huruma pia. Inahitaji mtu mmoja katika kila ofisi, atakayepishana naye kesho asubuhi, akauona mzigo, akaupima kwa kilo na kwa saa, kisha akauandika katika taarifa.